Mbegu za Mwenye Ufunguo

Jirani yangu alifungua kifurushi changu cha posta, na kwa sababu hiyo binti yangu aliolewa bila kuimbiwa. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia nilikuwa na moyo mbaya tangu kuzaliwa. Moyo wangu ulikuwa mzuri tu, ukaharibiwa, na aliyeuharibu nilimlipizia kisasi.

Laini yetu ya nyumba hapa mtaani Jericho ina milango minane, na yote minane ilikuwa ikitumia sanduku moja la posta. Lilikuwa la marehemu mume wa jirani huyo, mchongaji wa vinyago, aliyelikodi zamani ili wateja wa ng'ambo wamwandikie. Mzee alipofariki, mjane alibaki na ufunguo, umefungwa kwenye kinyago kidogo cha kifaru alichokichonga marehemu mwenyewe. Kila Ijumaa alikwenda posta na kiondo, akarudi akigawa barua mlango kwa mlango, na kabla hajakupa yako alikuwa ameshaitazama mbele na nyuma. Siku hizi barua ni chache, lakini ufunguo aliendelea kuubeba shingoni kama cheo. Nitamwita Mwenye Ufunguo, maana hata sasa jina lake halinitoki vizuri mdomoni.

Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani kwenye kampuni moja ya Industrial Area. Kliniki wakaniambia damu yangu ni kidogo, nile mboga za majani kwa wingi. Mboga zipi? Sukuma wiki tunayouziwa huku, nyingine hunyweshwa maji ya ule mto wetu, na mimi najua mto huo hubeba nini. Mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi la kliniki ndiye aliyenieleza kwamba mbegu unaweza kuziotesha jikoni, ndani ya chupa, bila udongo, ukala zikiwa changa. Akanipa namba ya mwanamke wa upande wa Kitale anayeuza mbegu hizo na kuzituma kwa posta. Nikaagiza figili, uwatu, wimbi, na alfalfa, ambayo kwetu Machakos hupewa ng'ombe wa maziwa.

Ijumaa ile Mwenye Ufunguo aliniletea bahasha ya kaki imefunguka.

"Iliraruka huko posta, jirani," akasema.

Haikuraruka. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, mkato umenyooka kuliko rula. Niliuona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hamu ya mbegu.

Na kwa kweli nilizipenda. Usiku unaziloweka, asubuhi unamwaga maji, unafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua na mpira, unailaza kwa mshazari. Unazisuuza asubuhi na jioni, na yale maji, kwa sababu huku mfereji hutoka siku unazopangiwa, unayaweka ya kupigia deki. Siku ya pili kila mbegu inatoa mkia mweupe. Siku ya tano chupa imejaa majani madogo yanayobanana kwenye kioo, na figili zinakuwasha ulimi kidogo. Nilikuwa nikiamka, hata chai sijaweka, naenda kwanza kuzitazama. Wimbi niliuotesha kwenye beseni chini ya gunia bichi, nikauanika, nikausaga kwa ajili ya uji.

Wimbi ndio ulionimaliza. Mtu yeyote aliyeishi huku Eastlands anajua kimea kinanukaje, na anajua hutumika kupikia pombe ya busaa.

Jumatano moja alasiri walikuja akina mama watano wa kikundi chetu cha kanisa, na Biblia zao. Waliimba ubeti mmoja mlangoni, wakaomba, wakaketi. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, tumesikia unapika."

"Napika nini?"

Mwenye Ufunguo, ambaye alikuwa miongoni mwao, aliinuka akaenda moja kwa moja jikoni kwangu, akafunua gunia.

"Si hii ni kimea? Na kwa barua yake kulikuwa na mbegu zingine, hata sijui ni dawa za nini."

"Kwa barua yangu?" nikamuuliza. "Wewe ulijuaje kulikuwa na nini kwa barua yangu?"

Swali hilo lilipita juu ya vichwa vyao likatokea dirishani. Nikawaletea chupa moja moja, nikala mbele yao, nikawasihi waonje. Mwenyekiti akasema nafanya mzaha na kazi ya Mungu. Jumapili iliyofuata nikasimamishwa kikundini. Nikarudisha kitambaa cheupe cha kichwa nilichokivaa miaka ishirini. Miaka hiyo yote nilikuwa msimamizi wa jiko la kanisa, kwa harusi, kwa matanga, kwa ziara za wachungaji. Jiko wakampa nani? Wakampa Mwenye Ufunguo.

Hayo ningeyameza. Lakini wiki tatu baadaye binti yangu alikuwa anaolewa. Huku kwetu, mwanachama akimwoza mtoto, wenzake huja asubuhi na vitambaa vyao vyeupe, wakamwimbia bibi harusi kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, laini nzima inatoka kutazama. Mimi mwenyewe nimewaimbia mabinti wa watu mpaka sauti ikakauka. Binti ya Mwenye Ufunguo nilimwimbia huku nimembebea viatu.

Binti yangu alisimama mlangoni amevaa, ameshika maua, akatazama huku na huku.

"Mum, kwani akina mama hawakuji?"

"Wako njiani," nikamwambia.

Alingoja. Dereva akapiga honi. Mwishowe shangazi zake wawili wakajaribu wimbo, wakasahau maneno katikati, na mtoto wangu akaingia garini kwa kimya kama mtu anayekwenda hospitali. Pazia la Mwenye Ufunguo lilicheza. Siku hiyo niliapa kwamba mwanamke huyo atalia mbele ya wale wanawake wote, na mimi nitakuwa nimeketi nikimwangalia.

Mwaka mzima nilitafuta njia. Nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi kwa sauti kubwa, "Habari ya kuamka, jirani!", ili nimwone akitazama chini. Nilifikiria kumwaga majivu kwenye nguo zake alizoanika. Nilifikiria kuwaambia watu mambo ya nyumba yake niliyoyajua tangu mzee alipokuwa hai, na nilijua mengi. Yote yalionekana madogo. Nilitaka kitu cha ukubwa wa ule mlango uliokosa nyimbo.

Kisha goti lake likakataa kazi. Jumatatu moja aliniita kupitia ua wa kayaba, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Jirani, nisaidie. Nina kifurushi posta, na huku mguu hausongi."

Akavua ufunguo shingoni akanipa. Nilikaribia kucheka. Kifaru cha mzee kilikuwa kimelainika kwa kushikwa, na bado kilikuwa na joto la mwili wake.

Nilipofungua sanduku niliikuta bahasha ya kaki, mwandiko ule ule wa mama wa Kitale, ila jina lilikuwa la Mwenye Ufunguo. Nilikuwa nimesikia kwamba mke wa mchungaji amerudi kutoka semina akisifu vyakula vya namna hiyo, na kwamba akina mama wanataka kuvijua. Basi nikaunganisha. Alinichafua kwa mbegu hizi, akachukua jiko langu, na sasa anataka kusimama jikoni humo awagawie watu chakula kile kile alichosema ni dawa. Hasira iliyonipata siku hiyo sijawahi kuipata tena.

Nikaenda nyumbani. Nikachemsha maji, nikashikilia bahasha juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea. Ndani mlikuwa na pakiti tatu ndogo, alfalfa, figili na uwatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ile karatasi niliiweka kando. Nilijiambia, tena kwa majivuno, kwamba mimi si mtu wa kusoma barua za watu.

Mbegu nikazitia kwenye kikaango kikavu, pakiti moja baada ya nyingine, moto mdogo. Nilikuwa nikikoroga kwa mwiko na kuzipima kwa kiganja. Zilipokuwa za moto kiasi cha mkono kushindwa kuvumilia, nilijua hakuna kitakachoota hapo. Rangi haikubadilika. Uwatu tu ndio uliotaka kunisaliti, maana ukipata moto unanukia mchuzi, nikafungua madirisha yote. Nikazipoza kwenye sinia, nikazirudisha kila moja kwenye pakiti yake, nikarudisha karatasi, nikafunga bahasha vizuri kuliko ilivyokuja. Mimi sikutumia wembe.

Jioni nikampelekea kwa mikono miwili. Nilikuwa natabasamu.

"Keti, jirani," akasema.

Akaifungua mbele yangu, akatoa ile karatasi, akaikunjua, kisha akaisukuma yote kwangu juu ya meza. Karatasi na pakiti tatu.

"Ni zako," akasema. "Nilikuagizia wewe."

Karatasi iliandikwa hivi, kwa mwandiko wa mama wa Kitale: zawadi kutoka kwa jirani yako, anaomba radhi.

"Nilimwomba yule mama aandike, mimi mwandiko wangu unaujua," akaendelea, hanitazami. "Jumamosi akina mama wako hapa kwangu. Zioteshe hizo, uzilete. Nitasimama niwaambie nilifungua barua yako, na ile maneno ya busaa ilikuwa uongo. Halafu tuzile pamoja, waone. Mimi siwezi kufa na hii kitu, jirani. Harusi ya yule msichana sisahau."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka pakiti zilivyokuwa nyepesi.

Nataka kusema nilimsamehe pale pale. Sikumsamehe. Nilizidi kukasirika. Mwaka mzima nilikuwa nimeibeba hasira yangu vizuri, nimeitunza, na siku ninapoitumia ndipo ananiomba radhi! Angengoja wiki moja. Au angeniomba siku ya harusi, asimame mlangoni kwangu na fimbo au bila fimbo.

Hata hivyo niliziloweka. Nilizisuuza asubuhi na jioni, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba nishindwe katika jambo nililolifanya kwa ustadi. Ukichoma mbegu mia, nilijiambia, moja itakuwa imejificha. Siku ya pili hazikuwa na mkia. Siku ya tatu maji yalikuwa na utelezi na chupa zilianza kutoa harufu.

"Zimeota?" akaniuliza kupitia kayaba.

"Bado kidogo."

Alhamisi akauliza tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Niliingia ndani, nikazimwaga zote, nikakimbia sokoni kununua ndengu. Ndengu hazina maringo, huota upesi. Kufikia Jumamosi asubuhi zilikuwa na vimkia vya kutosha, nikazikatia kitunguu, nyanya na ndimu.

Waliketi kwake wote, pamoja na mwenyekiti. Mwenye Ufunguo alisimama kwa fimbo, akasema kila kitu. Alisema alitumia wembe. Alisema alilitamani jiko langu siku nyingi, na alipoona zile mbegu alijua atalipataje. Alisema binti yangu alitoka bila nyimbo na kosa lilikuwa lake. Wanawake waliinamisha vichwa. Nilikuwa nimeliomba hilo neno kwa neno, na sasa nililisikiliza bila raha kwa sababu nilikuwa nangoja sahani zifike kwake.

Zikafika. Akachota kijiko, akakitazama.

"Lakini hizi ni ndengu. Zile zangu ziko wapi?"

"Hazikuota," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alikaa chini taratibu. Mbegu zile zile, za mama yule yule, zilizoota kwangu mara ngapi laini nzima ikiona. Nilimwona akifikiria, nikajua sasa atanishika.

"Basi ni Mungu," akasema. "Amekataa zawadi yangu."

Akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake cheupe, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wanawake wote, na mimi nikiwa nimeketi nikimwangalia, kama nilivyoapa. Walimzunguka, wakamshika mabega, wakamwambia Mungu hakatai mtu. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu tayari: niliziua mimi, kwa kikaango. Nilifungua kinywa.

Mwenyekiti alikuwa ameinuka. Alitoa kitambaa changu kwenye mkoba wake, kimepigwa pasi, akakiweka juu ya magoti yangu.

Nilikitazama. Kisha nikajifunga, nikakaza fundo, nikaingia jikoni kwa Mwenye Ufunguo kuwamiminia wageni chai.