Siku Inchi Alipogawa Mkasi Wake

Baba Mkubwa ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Inchi kwa sababu hajawahi kukosea hata inchi moja. Kibanda chake kina cherehani mbili, pasi nzito kama dhambi, na benchi la wateja lenye mguu mmoja mfupi. Akikupima, lazima akuseme. "Kiuno arobaini na mbili. Mama, andika, huyu bwana amemeza mto." Mama Mkubwa anaandika, mteja anacheka, wiki ijayo anarudi na shemeji yake ili naye atukanwe.

Mwaka jana tezi dume ilimbana. Hospitali wakampa kidonge kimoja kila siku, mkojo ukaanza kutoka. Nyumbani kwetu ugonjwa wa wanaume hausemwi ila kwa utani, basi tukautania. "Bomba limezibuka?" ndugu walimuuliza. "Linamwaga," anajibu, na habari inaishia hapo. Hata daktari alipewa jibu hilo hilo.

Baada ya miezi minne hivi, maneno yakaanza kumkauka. Akikupima anataja namba tu, kifua, mkono, mguu, basi. Chakula anakichokonoa. Asubuhi Mama Mkubwa anamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika. "Uzee huo," baba yangu akasema. "Mtafutieni mke wa pili," akasema jirani, bingwa wa ujinga. Na mimi, niliyesoma ufamasia mihula mitatu nikaacha, ndiye niliyekuwa nikimchukulia dawa. Kile kikaratasi cha ndani ya boksi nilikitupa kila mara bila kukikunjua. Nilijiona najua.

Halafu Jumanne moja akanipa mkasi wake.

Mkasi wa fundi haugusi karatasi. Karatasi inaua makali. Hata Mama Mkubwa, aliyemzalia watoto wanne, haruhusiwi kuushika ule mkasi. Siku hiyo aliupangusa kwa kitambaa, akanikabidhi.

"Chukua, mwanangu. Ukakatie hata karatasi."

Nikacheka. "Baba Mkubwa, leo umeokoka?"

Akakikunja kitambaa, akakiweka mezani. Ukutani nguo zote za wateja zilikuwa zimemalizwa, zimenyooshwa, kila moja imebandikwa jina. Fundi gani duniani hana nguo ya mtu aliyoichelewesha? Nikalitania hilo nalo, nikaondoka.

Jioni Mama Mkubwa alipita kwetu akanikuta nakata picha za pasipoti. Akauona mkasi. Akaketi sakafuni palepale.

"Amekupa, au umeiba?"

"Amenipa."

"Sema umeiba," akasema. "Nakuomba, mwanangu, sema umeiba."

Tulikimbia hadi kibandani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono amepakata, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hatukumwacha peke yake hadi kulipokucha, tukampeleka hospitali. Njiani nilikunjua kikaratasi cha boksi jipya. Kilikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo kama mchanga: huzuni, mawazo ya kujidhuru.

Daktari akauliza kama kawaida, "Mzee, mkojo unaendeleaje?"

"Mkojo hauna shida." Akashika ukingo wa meza. "Shida ni asubuhi. Naamka, sitaki kuwepo. Sina ugomvi na mtu. Sitaki tu."

Mama Mkubwa akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Mngecheka."

Tungecheka kweli.

Daktari alikisimamisha kile kidonge, akambadilishia dawa, akampa na tarehe za kuonana na mshauri. Alisema si kila mwanamume hupatwa hivyo, wala hawezi kuapa kuwa ni dawa peke yake. Kurudi sawa kutachukua muda. Asikae peke yake.

Hii ni wiki ya saba. Mkojo umeanza tena ubishi wake. Kibanda kinafunguliwa saa tatu, saa sita kimefungwa. Tunakaa naye kwa zamu, na asiye na zamu anakuja vilevile. Kila asubuhi namuuliza ameamkaje, kisha nafunga mdomo wangu, kazi ngumu kuliko mtihani wowote niliofeli. Kila asubuhi amenijibu neno moja, "Vibaya."

Leo alivaa viatu vyote viwili kabla ya kunijibu.

"Sijui," akasema.

Mama Mkubwa akageukia ukuta, akalia.