Gia Nane za Douwe, Gia Tatu za Aukje

Trijntje ni fundi baiskeli wa kijiji chetu, hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Karakana aliirithi kwa baba yake, na ukali pia. Hakuuzii kitu mpaka ukijaribu hadi darajani na kurudi. Tumezoea.

Mwezi wa tano nilimwendea. Mke wangu Aukje amelala makaburini, ng'ambo ya mfereji, na kila Jumapili namwendea. Baiskeli yangu haina gia. Daraja ni la juu, na upepo wetu haumjui mzee. Jumapili mbili mfululizo nilirudia katikati.

"Nataka gia," nikasema. "Zile zinazofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Nane."

"Nane za nini, Mzee Sietse? Unahamia milimani?"

"Jirani yangu Douwe anazo nane."

"Douwe anatumia mbili. Sita anazitembeza tu. Chukua tatu, zenye breki ya miguu."

"Nane, fundi."

Akanitolea baiskeli ya gia nane ya kujaribu. "Lakini sikia. Breki hapa ni ya mkono. Miguuni hamna kitu."

"Nimesikia."

Nilisikia kwa masikio. Miguu haikusikia. Kwetu, tangu utoto, mtu akitaka kusimama hukanyaga pedali kinyumenyume. Daraja nililipanda kama kijana, hata nikaimba. Kuteremka, nikakuta bata na vifaranga wake wanavuka. Nikakanyaga nyuma. Pedali zikazunguka bure, kama mtu anayekoroga uji. Nikakanyaga tena, kwa nguvu zaidi. Bata wakanipisha. Mtaro haukunipisha.

Nilirudi karakanani na magugu ya maji kofiani. Trijntje hakunicheka usoni. Alienda nyuma ya rafu, akachekea huko. Nilimsikia. Akarudi na kahawa na tambara.

"Baiskeli ya mama Aukje bado iko bandani?"

"Iko."

"Ile ina gia tatu na breki ya miguu. Gurudumu lake litaingia kwenye yako. Ilete."

Tangu tumzike Aukje mwaka jana sijaigusa ile baiskeli. Nilikaa siku nne. Ya tano nikaikokota mpaka kwa fundi, nikitazama pembeni.

Trijntje aliinama, akaguna. "Mzee, waya wa gia umekatika. Kutu hii ni ya miaka kumi au zaidi."

"Sasa alikuwa anatumia gia gani?"

"Waya ukikatika inabaki ya tatu tu. Nzito kuliko zote."

Miaka yote hiyo Aukje alikuwa mbele yangu darajani, akigeuka nyuma: "Sietse, umelala?" Nami nikijitetea kwamba mwenzangu ana gia.

Trijntje akalifunga gurudumu kwenye baiskeli yangu, akatia waya mpya. Jumapili nikapanda kwa gia ya kwanza, taratibu, upepo usoni. Nikafika. Nikakanyaga nyuma, ikasimama pale pale getini.

"Uliniweza, mama," nikamwambia.

Wakati wa kurudi nikajaribu ile ya tatu. Katikati ya daraja nikashuka, nikasukuma.