Vitunguu Visivyonuka

Waliokuwepo asubuhi ile ni hawa: mimi mwenyewe, mwanangu wa tatu, ambaye nyumba ni yake, mke wake, Mkongo wa Lubumbashi, anayehudumia wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na binti yao wa miaka minane, mjukuu wangu, anayesikia Kiswahili chote lakini akifungua mdomo kinatoka Kiingereza. Jirani yetu, bibi Mmarekani mweusi wa rika langu, alikuja baadaye na ndoo yake. Majina yao ninayo kichwani, na ya kuku wa jirani pia, maana kila kuku kapewa lake. Ila mkwe wangu ameniomba nisiandike jina la mtu, nami nimekubali.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo naeleza kama nilivyoona.

Nyumba iko Merilendi, huku Amerika, ukipita Oxon Hill ukaendelea kusini, kule ambako nyumba zinaanza kuachana, farasi wanakula majani kando ya barabara na mabanda ya zamani ya tumbaku yameinama. Nilifika mwezi wa kumi. Kitu cha kwanza kunishangaza kilikuwa sebuleni: mmea wa sale. Sale lile lile la Kilimanjaro, limepandwa kwenye chungu karibu na televisheni, limefungwa utepe mwekundu! Kwetu sale linaota mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la migomba, kuonyesha kwangu kunaishia hapa na kwako kunaanzia pale. Na ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa hawezi kukunyima msamaha.

"Hili umelitoa wapi?" nikamuuliza mkwe.

"Dukani, mama. Ni ya kupamba tu."

Kitu cha pili kilikuwa mbele ya baraza. Kitalu cha udongo mweusi, mzuri, na juu yake hakuna hata jani. Mimi nimekulia kihambani, ambako chini ya mgomba kuna mkahawa na chini ya mkahawa kuna magimbi. Udongo uliolala bure siwezi kuutazama. Siku moja mkwe amelala mchana, mwanangu yuko kazini, mtoto yuko shule, nikachukua jembe nipande mchicha.

Chini nikakuta vitunguu. Vingi, ndoo nzima. Nikanusa kimoja, hakinuki. Nikakikata, kikatoa ute, bado hakinuki. Nikakaa nacho mkononi muda mrefu, najiuliza: kitunguu kisichonuka ni kitu gani? Nilifikiria kuvikaanga nione. Mwisho nikasema hivi vimeharibika, nikaenda kuvimwaga korongoni, nyuma ya banda la kuku la jirani. Nikasia mchicha wangu. Wiki tatu baadaye baridi ikaingia, mchicha ukafa wote hata kabla ya kunyanyua kichwa. Theluji ikafunika kitalu, na mimi nikasahau.

Mwezi wa tatu ulipofika niliona mkwe ana tabia mpya. Akitoka kazini asubuhi, kabla hajavua nguo za kazi, anakwenda kuinama pale kitaluni. Anachokonoa udongo kwa kidole. Kesho tena. Jumamosi moja nikamfuata.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Niko natafuta maua ya mama yangu. Inatokaka hapa, baridi ikiisha. Ya jirani yote imetoka, ya manjano. Yangu haitoki."

Mama yake alikuja Amerika mara moja tu, mjukuu wetu alipozaliwa. Aliyapanda kwa mkono wake, akarudi Lubumbashi, na baada ya miaka miwili akafariki. Mkwe hakuwa na karatasi za kumruhusu kusafiri. Hakuzika.

"Kaburi yake sijaiona," akaniambia. "Niko na hii tu."

Nikauliza, lakini moyo ulikuwa umeshajua: "Huku chini yanakuwaje?"

"Kama kitunguu, mama."

Akaingia ndani. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Panya wangelaumiwa. Lakini ningeendeleaje kumwangalia akichokonoa ule udongo kila asubuhi?

Nikaingia sebuleni, nikavunja jani la sale, nikalifunga fundo, nikaenda kusimama mbele yake na kulinyoosha kwa mikono miwili.

Akaliangalia jani. Akaangalia chungu.

"Eeh mama! Hata hii umeikata?"

Mwanangu akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Alipoona mama yake amesimama na sale mbele ya mke wake, aliganda. Povu likamdondoka kifuani.

"Mpokelee," akasema. "Mama akishaleta hilo huwezi kukataa."

"Nikatae nini? Miye hata sijui iko nini!"

Ndipo nikasema yote: jembe, ndoo, korongo. Mtoto alizima televisheni. Jani bado lilikuwa mikononi mwangu.

"Ulimwaga wapi?" aliuliza mkwe, na hakusubiri jibu lote. Alitoka mbio na soksi.

Tukamfuata. Korongoni kulikuwa na majani makavu ya mwaka jana, na katikati ya majani, manjano. Vile vitunguu havikufukiwa na mtu. Vingine vilikuwa vimelala ubavu, vingine kichwa chini, na kila kimoja kilikuwa kimeshusha mizizi ikashika udongo, shingo imejipinda ikatafuta juu. Ua lenyewe lina kikombe katikati, kama cha kahawa. Nilichutama nikalichunguza. Umetupwa kichwa chini, umelala kwenye barafu, nani kakuonyesha juu ni wapi?

Nilimuuliza mjukuu. Akajibu kwa Kiingereza chake, baba yake akatafsiri: "Anasema yanajua tu, Bibi."

Jirani akaja na ndoo ya maji ya kuku, akashangaa kutukuta tumepiga magoti nyuma ya banda lake. Mwanangu alimweleza. Jirani akacheka mpaka akashika uzio. Akasema tusiyahamishe yakiwa na maua, tungoje majani yakauke. Na paa hawayali, akasema, kwa sababu yana sumu.

"Sumu?" nikasema. "Na mimi nilitaka kuyakaanga."

"Kidogo utumalize wote!" alisema mwanangu.

Kati yetu wa nyumbani, mkwe ndiye aliyecheka kwanza, huku machozi yanamtoka, soksi zimelowa tope. Kisha akaninyooshea mkono.

"Leta hiyo jani yako, mama."

Akalitia mfukoni mwa nguo ya kazi.

Majani yalipokauka tulirudisha nusu kitaluni, sisi wawili, yeye akichimba na mimi nikipanga, huku namsimulia sale linavyoonyesha mpaka kwetu. Nusu tuliyaacha korongoni, alitaka hivyo. Kisha akaingia ndani, akatoka amekumbatia chungu cha sale, akakiweka katikati ya kitalu.

"Huku mchicha yako. Huku maua ya mama yangu. Ulisema iko mpaka, sivyo?"

"Ni mpaka," nikamjibu, na tangu siku hiyo jembe langu halijavuka.

Maua ya korongoni asubuhi ile yalikuwa kumi na moja. Mjukuu anasema yalikuwa tisa, na baba yake anamuunga mkono, ingawa yeye muda wote alikuwa anafuta dawa ya meno kifuani. Ninyi mliokuwepo, nanyi wa kanisani mliosimuliwa na mkwe wangu, kama nimekosea hesabu au nimeweka neno la huyu mdomoni mwa yule, nirekebisheni. Sitakasirika.