Ngisi wa Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Myamba. Wiki iliyopita nilifundisha minyoo ya baharini, ile mirefu kama utepe ambayo ute wake una sumu ya kutia ganzi. Bahari yenyewe huwa naiona kwenye picha.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Tanga na ngisi. Aliwakata vipande virefu vyembamba, akawapika kwa nazi. Tonge la tatu tu, ulimi wangu ukafa ganzi.

Nikasimama. "Asile mtu. Humu kuna mnyoo wa sumu."

Watoto wakaacha kutafuna. Mama mkwe akaweka kijiko chini taratibu. "Baba Neema, ngisi nawapika tangu sijaolewa. Leo ndiyo nije nikuue?"

"Mama, sayansi haijui ukwe," nikamjibu, maneno yakinitoka kama ya mlevi. Kumaliza ubishi, nikatema kwenye sahani mbele yake, ili wauone huo ute.

Ikadondoka karafuu niliyoibana kwenye jino bovu kabla ya ibada, nikaisahau.

Mke wangu akaiinua kwa kijiko, akainusa.

"Si juzi ulirudi kutoka Same ukaniambia jino umeshang'oa?"