Mama Niliyemtungia Mwasi

Likizo ya Agosti nilienda kukaa na shosho, nyanya yangu mzaa baba, upande wa Kiritiri, na huko nikapendana na mwasi. Yeye hakujua. Yeye alikuwa kwenye sayari nyingine, ndani ya TV, kila Jumamosi saa kumi alasiri, na mimi nilikuwa kwenye mkeka na ungo wa ndengu mapajani. Nimeandika "nikapendana" kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu, lakini ukweli ni kwamba nilipenda peke yangu, vile ninavyofanya mambo mengi. Niko kidato cha pili. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, huwa naandika jibu kwenye karatasi nampa jirani alisome.

Shosho alinunuliwa hiyo TV na baba, pamoja na sola ya kuiwasha, ili asikae mpweke. Kiingereza hajui. Kwa hivyo kazi zangu likizo hiyo zilikuwa mbili: kuchambua ndengu, na kumwambia kwa Kimbeere kile watu wa kwenye kioo wanasema.

Kipindi chenyewe kilikuwa hivi. Kuna sayari ya vumbi tupu, na kuna Utawala ambao umeyamiliki maji yote, unawapimia watu kikombe kimoja kimoja. Mwasi anaupinga. Anavaa koti refu ingawa sayari haina baridi, na nywele zinamwangukia jicho la kushoto. Hilo jicho ndilo lililonimaliza. Jumamosi ya kwanza alitega bomu chini ya tangi kubwa la Utawala, tangi kubwa kama shule yetu, akalilipua. Mimi nikapiga makofi. Shosho akaacha kupepeta.

"Hiyo ilikuwa nini?"

"Tangi, shosho."

"La maji?"

"La maji."

"Na yamemwagika yote?"

Hapo ndipo nilipoona shida. Kwa shosho maji yananunuliwa kioski, yanaletwa na punda, na yale ya kuoshea vyombo wanapewa mbuzi. Aliyeandika kipindi kile nadhani anaishi mahali penye mfereji jikoni. Huku kwetu mtu akimwaga maji ya kiasi kile, hakuna atakayeuliza anapigania haki ya nani.

"Huyu ni mjinga ama ni mbaya?" shosho akauliza, na mkono wake ulikuwa umeshashika rimoti kutafuta nyimbo za injili.

Nikaona mapenzi yangu yanazimwa kwa kidole. "Maji yalikuwa na sumu," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Amesema sasa hivi. Na anapigana kwa sababu mama yake amefungwa. Alifungwa kwa kuchota maji bila ruhusa."

Sikujua mdomo wangu una mbio hivyo. Shosho akaweka rimoti chini.

"Maskini. Na baba yake?"

"Alikufa." Nilikuwa nimeshaanza, sikuona haja ya kumwacha baba.

Kuanzia siku hiyo shosho hakukosa kipindi. Alipika chai mapema, akamtetea mwasi kila mahali, akamlaumu kwa kutokula. Nami niliendelea kutunga, kwa sababu kila Jumamosi kulikuwa na jambo la kufunika. Alipombusu rubani wa kike, nilisema huyo ni dada yake, walipotezana miaka mingi. Walipoendelea kubusiana nikasema ni miaka mingi sana.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo rubani alimuuliza kitu nilichokuwa ninataka kujua hata mimi: kwa nini aliingia uasi. Nilisogea karibu na kioo. Nilikuwa na majibu yangu tayari kwenye daftari, kurasa tatu, uhuru, heshima ya binadamu, mambo kama hayo. Yeye akacheka, akasema aliiba mtambo wa chombo cha angani, akawa anatafutwa, na waasi ndio waliokuwa na mlango wazi.

Basi. Alikuwa anakimbia kesi.

"Mbona umenyamaza?" shosho akauliza. "Anasema nini?"

"Anamkumbuka mama yake."

Kesho yake, kanisani, mwinjilisti alipouliza nani ana ombi, shosho alisimama.

"Ninaomba mniombee kijana mmoja," alisema. "Mama yake amefungwa kwa kuchota maji. Baba hayuko. Amebaki na dada tu."

Wiki hiyo kioski chetu kilikuwa kimekauka, na maji hayakuwa jambo la kutaniwa. Kina mama waliguna kwa uchungu. Mwenyekiti wao akasimama, mama mmoja mkubwa ambaye akisimama benchi zima hupumua. "Huyo mama amefungwa wapi?"

Shosho akanigeukia. "Wajina, amefungwa wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Mbali," nikasema.

"Basi ni jela ya Embu," mwenyekiti akaamua. "Tutaenda kumwona. Jumapili ijayo kila mtu alete kitu, Jumatatu tunaondoka."

Lazima nieleze kwa nini sikulala vizuri wiki hiyo. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo mimi na shosho ni jina moja, ndiyo maana tunaitana wajina. Na lile kanisa linajua kucheka. Kuna mzee aliwahi kusinzia wakati wa sala, akashtuka akaitikia "niko" mahali pa "amina". Miaka imepita, na watoto wakimwona njiani bado wanamwitikia "niko". Sasa niliwaza shosho, mwenye umri wake, akipita sokoni na watu wakimuuliza habari za mwanawe wa angani. Angebeba aibu hiyo mpaka kaburini, na kosa lilikuwa la mwingine mwenye jina hilohilo.

Ningeweza kumwambia yeye mapema, chumbani. Kila asubuhi nilijaribu. Kila asubuhi alikuwa anapanga unga wa kumpelekea yule mama. Nikaandika ungamo kwenye karatasi, sentensi nne, nikaona sina jirani wa kumpa alisome.

Jumapili mbele ya madhabahu palikuwa na unga, sukari na sabuni za mche, mpaka kanisa likanuka kama siku ya kufua. Mwinjilisti akaita familia iliyoleta ombi. Shosho akaanza kunyanyuka. Nikamshika nguo, nikasimama mimi.

"Huyo kijana ni wa TV," nikasema.

"Sauti, binti," mwinjilisti akasema. "Huko nyuma hawajapata."

Kwa hivyo ilibidi niungame mara mbili. "Ni wa TV. Mama yake hayuko, nilimtunga. Shosho hana kosa. Ni mimi nilikuwa ninamtafsiria."

Kisha nikasikia shosho amesimama kando yangu.

"Mimi nilijua ni wa TV," akasema, bila haraka. "Kwani Rais nimemwona wapi? Si ni kwa TV? Na tunamwombea kila Jumapili."

Hakuna aliyecheka, maana ni kweli tulikuwa tumetoka kumwombea. Shosho akanigeukia. "Kwa hivyo mama hayuko. Na ile sumu?"

"Nilitunga."

"Na dada?"

Nilimwona anakumbuka, busu moja baada ya lingine, hapo mbele ya mwinjilisti.

"Ngai," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa ninasema ni familia yenye upendo."

Hapo ndipo kanisa lilipopasuka kwa kicheko. Mwinjilisti alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Shosho akaketi, akanielekezea kidole. "Mcheke huyu mdogo. Mimi nimeletewa habari tu." Na kweli walinicheka mimi. Nilikuwa nimeogopa kitu hicho maisha yangu yote, na kilipokuja nilikuwa nikihesabu tu nani anamwangalia shosho. Hakuna aliyemwangalia.

Mwenyekiti hakutaka kusikia habari za kurudisha vitu. "Sabuni imeshaombewa," alisema. "Embu kuna kina mama wamefungwa, huyo wako awepo asiwepo. Na wewe utabeba sukari." Jumatatu nikabeba sukari. Mwanamke mmoja aliyefungwa kule alipouliza nani alipata wazo la kuja, mwenyekiti alinionyesha kwa kidevu, na mwanamke yule akanishika mkono akanishukuru. Safari hii nilikuwa na maelezo mengi na niliyaacha yote mdomoni.

Jumamosi ya mwisho shosho aliniketisha mbele ya TV, akasema, "Leo ninataka maneno yake, siyo yako." Nikamweleza yote. Maji yalikuwa safi. Rubani si ndugu. Mtambo aliuiba.

"Kwa hivyo ni mwizi."

"Ni mwizi."

"Washa tuone akishikwa."

Na alishikwa. Askari wa Utawala walimfunga kwenye kiti, mkubwa wao akamuuliza mbona hakutoroka alipopata nafasi. Mwasi aliinua uso, nywele kwenye jicho, na nilipozitazama sikusikia kitu kifuani. Halafu akajibu.

"Anasemaje?"

"Anasema hajui."

"Hajui nini?"

"Kwa nini anaendelea. Anasema alianza kwa kukimbia kesi, na sasa hata kesi yenyewe ameisahau."

Shosho aliniangalia mimi, siyo kioo.

"Hayo ni yake ama ni yako?"

"Ni yake, shosho."

Akavuta ungo, akapepeta mara mbili tatu.

"Huyu nitamwombea," akasema. "Lakini hapa nyumbani."