Chupa ya Kuongeza Damu

Juzi mwanangu alifungua chupa ya vitamini niliyomnunulia mjini Mtwara, na ile harufu tamu ya chungwa lisilo chungwa ikanirudisha Msimbati, jikoni kwa mama.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amelegea. Hakucheza tena. Alishinda mkekani akibandua udongo wa ukutani na kuula, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mama alinunua dawa ya maji ya vitamini kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli. Kila asubuhi alimnywesha kijiko, kisha akanipa mimi kijiko nikilambe. Nilikuwa naingojea hiyo ladha tangu ninapoamka.

Mama mdogo alipokuja kututembelea kutoka Mikindani, alimfunua mtoto kope, akashtuka.

"Dada, huyu hana damu. Mpeleke hospitali leo."

"Si ndiyo namnywesha ya kuongeza damu? Jana amekula hata ugali."

"Dada, mpeleke."

"Acha chupa iishe kwanza."

Haikuisha. Kesho yake alfajiri mtoto alianza kuhema kama aliyetoka kukimbia. Mama akamfunga mgongoni, wakaondoka na pikipiki.

Mchana nilisikia pikipiki ikirudi, nikatoka mbio. Mama alishuka amempakata mdogo wangu, kanga imemfunika mpaka usoni, na jua lilikuwa kali.

"Mama, mfunue," nikamwambia. "Atakosa pumzi."

Mama akaketi chini palepale, mchangani.