Bi Tabu wa Kitabuni

Sadallah alichora sura za watu pale Temeke mpaka mkono ulipoanza kumtetemeka, midomo ya wateja pichani ikawa inakwenda upande. Akaweka brashi chini, akawa anasimulia hadithi na mkewe Mwajabu anaandika. Riwaya yao ikatoka mwaka 1954.

Tangu hapo Sadallah hakuwa na raha, kwani mwanamke wa hadithi ile alikuwa jirani yao, Bi Tabu, ambaye yeye aliwahi kumchora.

Asubuhi moja Bi Tabu akapiga hodi, kitabu kwapani.

“Shikamoo, bibi,” Sadallah alisema.

“Marahaba. Huyu ni mie?”

“Ndiyo, bibi. Niwie radhi.”

“Radhi nimekupa. Lakini kuniua kitabuni! Ungeniacha nimwoze binti yangu kwanza.”

Akaketi mkekani, akaomba maji. Sadallah akashusha pumzi.